Nasikia kila neno: je, hipnosisi inanifanyia kazi?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Naishi Manchester. Kwa miaka tumbo limekuwa likinisumbua: linajaa gesi, linanyonga, mara nakosa choo, mara naharisha. Vipimo vyote vimetoka safi, nikaambiwa ni IBS, yaani utumbo unaosumbua bila ugonjwa kuonekana kwenye vipimo. Dawa hazikusaidia, na sasa nimepelekwa kwa mtaalamu wa hipnosisi. Nafumba macho, anazungumza taratibu, lakini silali. Nasikia kila neno, hata magari ya nje. Kitu hiki ni kweli au napoteza muda? Na mama yangu, aliyeko Unguja, ananionya kwamba namkabidhi mtu akili yangu.

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Hukupaswa kulala. Anayefanyiwa hipnosisi yuko macho, ila mawazo yake yamekusanyika mahali pamoja, na maneno anayoambiwa humwingia kuliko siku zote. Magari utayasikia, lakini hutayajali sana. Nilipofanyiwa mwenyewe mafunzoni, niliambiwa mkono wangu unakuwa mwepesi, nao ukaanza kupanda. Nilijua fika nilipo na nani yuko mbele yangu. Kilichopotea ni ile hisia kwamba ni mimi ninayeuinua. Wenzangu kadhaa mikono yao haikusogea hata kidogo. Kipimo cha jinsi mtu anavyoshikwa na hipnosisi, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1959, kilionyesha hivyo hivyo: wachache hushikwa sana, wachache hawashikwi, na wengi wetu tuko katikati.

Kwa hiyo usiipime kwa unavyojisikia kitini. Pima tumbo. Andika kila jioni maumivu yalikuwaje, gesi, choo, na kama ulishindwa kutoka nyumbani. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakujibu vizuri kuliko mimi.

Na wewe umo katika mji wenyewe. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha utafiti wa wagonjwa 30 wenye IBS sugu. Waliofanyiwa hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa tiba ya mazungumzo pamoja na vidonge visivyo na dawa ndani. Wagonjwa 30 ni wachache, lakini kazi iliendelea, na mwaka 2008 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliitaja hipnosisi miongoni mwa tiba za kufikiriwa kwa mtu ambaye dawa zimemshinda kwa miezi 12. Hiyo ndiyo njia uliyopitishwa.

Hata hivyo sitaki ujengewe matumaini kupita kiasi. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 350, uliwauliza baada ya miezi mitatu kama wamepata nafuu ya kutosha. Waliojibu ndiyo walikuwa takriban 40 katika kila 100 kwa waliofanyiwa hipnosisi mmoja mmoja, 33 kwa waliofanyiwa kikundini, na 17 kwa waliopewa elimu tu. Tofauti ni kubwa, nami naitetea tiba hii kwa sababu hiyo. Lakini zaidi ya nusu hawakutosheka, na hilo nalo lazima ulijue kabla hujajilaumu.

Utumbo na ubongo hupashana habari wakati wote kwa mishipa ya fahamu. Kwa mwenye IBS, gesi kidogo tu inayopita husikika kama maumivu, hofu inapanda, na hofu hiyo inaukaza utumbo zaidi. Ndiyo maana huenda ukaambiwa uweke kiganja juu ya tumbo ulisikie likipata joto, au uone mto unaotiririka kwa utulivu. Ikiwa mto haukugusi, omba bahari ya kwenu. Omba pia ruhusa ya kujirekodi maneno hayo kwa Kiswahili, usikilize kila siku nyumbani. Mazoezi ya nyumbani ni sehemu ya tiba, na naamini maneno ya lugha uliyolelewa nayo hukufikia upesi zaidi.

Mama mjibu kwa upole. Unaweza kufumbua macho na kuondoka wakati wowote, na ukiambiwa jambo lisilokupendeza utalikataa. Wale matapeli wa mitaani ambao watu husema wamewapumbaza wakatoa pesa, huwa wanatumia haraka, tamaa na maneno matamu. Kitu kimoja tu kataa kabisa: mtu akitaka kukufanyia hipnosisi ili "ukumbuke" mambo ya utotoni. Kumbukumbu za uongo hupandwa hivyo, na mtu huziamini kwa moyo wote.

Kama umewahi kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, mwambie mtaalamu kabla ya kikao kijacho. Na ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au maumivu yakianza kukuamsha usiku, usisubiri vikao viishe. Rudi kwa daktari wako upimwe upya.