Testa inawaka matundu yote mawili, kulikoni? Fundi anajibu maswali yenu

Mwezi huu barua zimekua nyingi na karibu zote ni za vipimo vya umeme, za bisibisi na spana chache tu. Nimechagua nne na nusu, hiyo nusu mtaiona mwishoni.

Fundi shikamoo. Soketi ya sebuleni imekufa ghafla, redio haiwaki, chaja haichaji, ila nikichomeka testa, ile bisibisi ya kupimia umeme yenye kitaa, inawaka tundu la kushoto na la kulia pia. Jirani anasema umeme umezidi hadi umejaa matundu yote. Ni kweli? (Mama wa Redio)

Marahaba mama. Jirani mpe pole, umeme haujazidi hata kidogo, umekosa njia ya kurudi. Soketi ina laini na nyutro, umeme unaingia kwa laini unafanya kazi kwenye kifaa alafu unarudi kwa nyutro. Sasa hiyo nyutro ikikatika mahali, na mara nyingi ni skrubu tu imelegea kwenye soketi iliyotangulia au kwenye boksi la maungio, umeme unakuja vizuri tu, unapita ndani ya taa au friji uliyoiacha imewashwa, unatokea upande wa pili unakuta njia imefungwa, basi unabaki umesimama hapohapo. Ule waya unaouita nyutro kuanzia hapo una volti karibu sawasawa na laini, na testa yako haijui majina ya waya, inajua tu hapa pana volti, inawaka.

Kuhakikisha ni rahisi. Chomoa kila kitu na zima taa zote zinazolishwa pamoja na soketi hiyo, pima tena. Tundu moja likizima umepata jibu, nyutro imekatika huko nyuma. Ukiwa na multimita, kile kipimo cha umeme kinachokuandikia namba, ndo raha zaidi: laini kwa nyutro itakupa sifuri au kinamba cha ajabuajabu, laini kwa erthi (ule waya unaokwenda ardhini) itakupa volti 230 hivi, na nyutro kwa erthi nayo itakupa karibu hizohizo kama kuna kifaa kimewashwa. Ila matundu yote yakiendelea kuwaka kwa nguvu ileile hata baada ya kuchomoa kila kitu, acha usiendelee, zima meni swichi uite fundi. Na ukiona taa za nyumba nzima zingine zinawaka kali kupita kiasi zingine zimefifia, hiyo sio soketi tena, ni nyutro kubwa inayoingia ndani. Zima meni swichi papo hapo na upigie shirika la umeme, usifungue chochote, maana kwenye mfumo wa fezi tatu, yani laini tatu zinazogawana nyutro moja, kifaa cha volti 230 kinaweza kujikuta kinalishwa volti zinazopanda kuelekea 400, na hapo tivii na friji havikusubiri.

Ila swali lako limenigusa pengine, kwasababu watu wengi wanaiamini hiyo testa ya bisibisi kuliko inavyostahili. Ndani yake kuna kitaa kidogo cha neoni na resista kubwa sana, kawaida karibu omu milioni moja au zaidi (omu ni kipimo cha ukinzani, yani kitu kinavyozuia umeme), na njia ya umeme inapita kwenye mwili WAKO ndo maana lazima uguse kile chuma cha nyuma kwa kidole. Resista inabana umeme hadi unakua mdogo mno huwezi kuuhisi. Sasa fikiria: kama mwili wako ni sehemu ya kipimo, basi viatu vyako na sakafu na ngazi uliyosimamia vyote vinaingia kwenye hesabu. Mi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilipanda ngazi ya mbao kavu mchana jua linawaka nikapima waya wa taa ya nje, testa kimya, nikashika. Nilishuka ngazi bila kutumia vidato. Taa ya neoni ilikua inawaka kidogo tu kwasababu ya ile mbao, na jua likameza hicho kidogo.

Kwaio testa ikiwaka, amini pana umeme. Isipowaka, hujajua kitu bado. Mafundi wenye akili wanafanya hivi: unapima kwanza mahali unapojua pana umeme kuona testa ni nzima, unapima pale unapotaka kufanya kazi, alafu unarudi KUPIMA TENA pale pa kwanza kuona kwamba haijafa katikati. Hiyo ya tatu ndo watu wanairuka. Na tafadhali usitumie testa kufungulia skrubu ngumu, kile kiplastiki sio cha kazi hiyo, kikipasuka unyevu ukaingia ile resista inayokulinda inazungukwa na maji, tupa nunua nyingine.

Fundi mambo. Nimenunua multimita, juzi nilipima ampea za feni ya betri vizuri kabisa. Jana nikageuza kile kiduara nikakiweka kwenye volti nikachomeka kwenye soketi, ikalipuka PAAA, ncha za waya zimeungua na breka ikaanguka. Multimita ni feki? (Nimenusurika)

Poa, na nashukuru umeandika ukiwa na vidole vyote. Multimita yako inaweza kua feki au isiwe feki ila aliyeilipua ni wewe. Angalia matundu ya chini: kuna COM ya waya mweusi, kuna la V na omu, na kuna lile la 10A. Ulipopima ampea za feni waya mwekundu uliuweka kwenye 10A, kweli si kweli? Na jana uligeuza kiduara lakini waya mwekundu ulibaki palepale.

Sikia, hili watu hawaambiwi dukani. Kupima volti multimita inakaa pembeni inachungulia tu, ndani ina ukinzani mkubwa, zile za dijitali nyingi ni omu milioni 10, haipitishi karibu kitu. Kupima ampea ni kinyume chake kabisa, umeme wote unatakiwa upite ndani ya multimita, kwaio tundu la 10A kule ndani ni kipande cha chuma tu hakina ukinzani wa maana. Ukikichomeka kwenye soketi umeunganisha laini na nyutro kwa waya mtupu, hiyo ni shoti, na kiduara ukiweke kwenye volti ukiweke kwenye omu hakisaidii chochote maana lile tundu halisikilizi kiduara.

Dawa ni tabia moja: ukimaliza kupima ampea, kabla hujaiweka chini, kabla hujajibu simu, rudisha waya mwekundu kwenye V. Fungua uangalie fyuzi ya ndani, kama imekatika weka ya aina ileile yenye ampea na volti zilezile zilizoandikwa, sio ya kioo ya redio na SIO karatasi ya sigara, nimeshaona, nimeshaona jamani. Kama tundu la 10A limeandikwa halina fyuzi basi ujue hiyo mashine haina huruma. Na angalia kama pameandikwa CAT II au CAT III na volti zake, hizo alama zinaeleza imetengenezwa kuhimili mshtuko wa umeme wa wapi: CAT II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni waya za ukutani na boksi la breka, CAT IV ni kule umeme unakoingilia nyumba. Isiyo na alama yoyote tumia kwenye betri na redio, usiende nayo kwenye boksi la breka.

Na moja zaidi wakati bado umeogopa. Kuna V yenye kiwimbi na kuna V yenye mstari ulionyooka. Soketi ni kiwimbi. Ukipima soketi kwenye ule mstari, multimita nzima kabisa itakuandikia sifuri au karibu na sifuri na wewe utasema hakuna umeme, utaweka mkono. Bora hata iliyolipuka maana imekupigia kelele.

Kaka fundi, betri ya gari langu napima inasoma 12.5 lakini gari haliwaki, linafanya tik tik tik basi. Mwenye duka anasema betri nzima kwa sababu ina volti. Nani mwongo? (Msukuma Gari)

Hakuna mwongo, mmepima betri ikiwa imelala. Betri ya 12 iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma karibu 12.6, yako ni 12.5 kwaio ikilala inaonekana mzima. Sasa mwambie mtu apige stata wewe macho kwenye multimita, ncha zako ziwe juu ya nguzo zenyewe za risasi. Ikiporomoka chini ya 9 na nusu hivi, betri imechoka, au haina chaji vizuri, ichaji kwanza urudie. Ikibaki juu, 11 na kitu, na stata bado inafanya tik tik, betri muache kwanza, umeme unapotelea njiani.

Hapo fanya hiki kitu ambacho mi nakipenda sana: ncha moja weka kwenye nguzo ya betri, nyingine weka kwenye kile kibano cha waya kilichoifunga hiyohiyo nguzo, yani unapima sentimita moja ya chuma na chuma. Mtu apige stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, pana uchafu au kutu hapo katikati, fungua sugua kaza. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye waya unaotoka kwenye betri kwenda bodi ya gari.

Hii ndo sababu sipendi ile sauti ya biii ya multimita ya kupimia waya kama umekatika. Waya wa nyuzi 30 zikikatika 29 bado utalia biii. Biii inakwambia pana njia, haikwambii njia inapita lori au inapita sisimizi.

Habari fundi, kila skrubu ninayofungua kichwa kinalika, bisibisi inateleza. Nabonyeza kwa nguvu zote! (Bila jina)

Nguvu unayo, bisibisi ndo sio yake. Bisibisi za nyota, zile zenye ncha ya msalaba, ziko za aina mbili zinazofanana, moja imeandikwa PH nyingine PZ. Skrubu ya PZ ukiiangalia vizuri ina vimistari vinne vyembamba katikati ya mikono ya msalaba, ya PH haina. Ukichanganya zinaingia zote lakini haziketi, zinacheza, zinakula kichwa. Alafu saizi, nyingi za nyumbani ni namba 2, bisibisi namba 1 itaingia vizuri tu na ndo itakayokuharibia. Jaribu bila kuzungusha: ishikize kwenye skrubu, itikise, ikicheza badilisha.

Na kama umehamia kwenye plaizi kufungulia nati, acha. Plaizi inakunja na kushika waya, nati ina spana yake. Ile spana ya kurekebisha nayo (mafundi wana jina lake lisiloandikika gazetini) ibane hadi isicheze, na geuza ili taya lile lisilotembea ndo libebe nguvu, alafu vuta kuja kwako, usisukume, maana ikiteleza ukiwa unasukuma ngumi yako inaenda kumsalimia ukuta.

Na ile nusu: kuna mtu kaandika mstari mmoja, futi yake ya chuma ile ndoano ya mwanzo imelegea inacheza, aigonge na nyundo ikaze?

USIGONGE. Imetengenezwa icheze. Inacheza kiasi cha unene wake yenyewe, ukivuta kutoka ukingo wa ubao inatoka, ukisukuma ndani ya kona inaingia, na vipimo vyote viwili vinakua sawa. Ukiikaza kimoja kitakua kinakudanganya. Kama ulishaigonga kabla ya kuandika, nadhani sasa umejua kabati lilikataa kuingia kwasababu gani.