Kilo ni namba, si maandishi: maswali yenu kuhusu ujumbe kati ya huduma

Shikamoo. Nimeambiwa nitafute maktaba ya ujumbe yenye "usalama wa aina". Huo usalama ni wa kuzuia wadukuzi? (Msomaji, Masasi)

Marahaba. Hapana, wadukuzi wana kinga zao nyingine. (Maktaba ni msimbo uliokwisha kuandikwa, unaouingiza kwenye programu yako.) Hapa tunazungumzia aina ya data: namba ibaki namba na tarehe ibaki tarehe, tangu ujumbe unapotoka huduma moja, yaani programu moja, hadi unapopokewa na nyingine.

Nikueleze lililonikuta. Niliandika programu mbili za ghala la korosho. Moja inasoma mizani, nyingine inajumlisha kilo za mkulima papo hapo na kuzionyesha kwenye skrini. Ile ya mizani ilituma uzito ndani ya alama za nukuu, yaani kama maandishi. Ile ya kujumlisha ilianzia sifuri. Mzee mmoja akapima gunia la kilo 80, kisha la kilo 75. Badala ya 155, skrini ikaandika 08075. JavaScript, lugha niliyoandikia, ikikuta maandishi kwenye alama ya kujumlisha, haijumlishi, inaunganisha. Hakuna kosa lililoripotiwa, hakuna kilichozimika. Mzee alisimama akiitazama ile namba, korosho zake ziko pale chini, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile siruhusu ujumbe upite kati ya programu zangu kabla umbo lake halijaandikwa mahali pamoja, panaposomwa na pande zote mbili. Ndiyo kazi ya maktaba hizi. Unaandika mara moja kwamba ujumbe wa mizani una kilo, saa na namba ya mkulima; ukikosea upande wowote, kompaila, yaani programu inayokagua na kugeuza msimbo wako, inakataa kabla programu haijafika ghalani. (Namba ya mkulima, licha ya jina lake, iwe maandishi. Haijumlishwi, na inaweza kuanza na sifuri.)

Kaka, mimi pande zote mbili natumia TypeScript. Si nimeshamaliza? (Msomaji, Nachingwea)

Umefika nusu ya njia. TypeScript ni JavaScript iliyoongezewa aina, na aina hizo hufutwa msimbo unapogeuzwa kuwa JavaScript, kwa hiyo ujumbe ukiingia, hakuna aliyebaki mlangoni kuukagua. Ukiiambia kompaila "huu ni ujumbe wa mizani", inakuamini wewe; ujumbe wenyewe haijauona. Na hata kama huduma zote ni zako, moja inaweza kuwa bado na toleo la wiki iliyopita.

Tafuta maktaba ambayo skima moja, yaani maelezo ya umbo la ujumbe, inakupa vyote viwili: aina za kuandikia msimbo, na ukaguzi wakati programu inafanya kazi. Ujumbe ukikataliwa usiutupe kimya kimya. Uhifadhi pembeni pamoja na sababu, mtu auone.

Tunataka kuongeza daraja la korosho kwenye ujumbe, ila vituo vingine havijasasishwa. Tutaharibu? (Msomaji, Lindi mjini)

Kuongeza sehemu mpya hakuna shida iwapo si ya lazima na mpokeaji wa zamani anapuuza asichokijua. Wasasisheni wapokeaji kwanza, watumaji baadaye.

Hatari hasa iko kwingine. Mkiwa tayari na orodha ya madaraja mawili na mkaongeza la tatu, mpokeaji wa zamani anayekagua kwa ukali atalikataa, na mzigo mzima wa kituo hicho hautaonekana. Muwe na chaguo la "lisilojulikana" tangu mwanzo. Wanaotumia Protocol Buffers, zana ya kuandika umbo la ujumbe iliyotolewa hadharani na Google mwaka 2008, wakumbuke pia kwamba kila sehemu ina namba yake. Ukifuta sehemu, namba ile usiipe sehemu nyingine kamwe.

Huku kwetu mtandao hukatika. Maktaba hiyo itazuia ujumbe kupotea? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Kwa kukagua aina peke yake, hapana. WebSocket, njia ya mawasiliano inayobaki wazi kati ya programu mbili, nayo ikikatika, haikutunzii ujumbe wowote. Unahitaji ujumbe uandikwe kwanza kwenye diski ya kituo, utumwe, na usifutwe mpaka jibu la kupokelewa lirudi. Jibu lisiporudi, tuma tena. Hapo utapata ujumbe uleule mara mbili, kwa hiyo kila upimaji uwe na kitambulisho chake, mpokeaji akishakiona asiongeze kilo tena.

Itazame MQTT, itifaki ya kutumiana ujumbe. Ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mawasiliano ni ghali na ya kusuasua, na ngazi yake ya kati ya uhakika hufanya hivyohivyo: ujumbe hufika angalau mara moja. Ila haijali ndani ya ujumbe mna nini. Aina ni juu yako.

Mizani yetu inatuma kilo, ofisi inahesabu kwa tani. Aina zitagundua? (Msomaji, Mikindani)

Dada, hazitagundua, maana zote mbili ni namba. Mwaka huohuo wa 1999 NASA ilipoteza chombo cha angani cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa vipimo vya paundi, nyingine ikausoma kama niutoni. Sehemu isiitwe "uzito", iitwe "uzitoKilo". Bora zaidi, tengeneza aina mbili, Kilo na Tani, ambazo kompaila haikubali zichanganywe, na pawe na sehemu moja tu kwenye msimbo inayogawanya kwa 1,000.