Rahisi kuingia, kigumu kupanda: niliyojifunza Polinesia kwa tanga na kwa miguu

Watu huniuliza kama niliogopa bahari. Bahari sikuiogopa sana. Nimekulia Tanga, na ngalawa ya baba mdogo ndiyo iliyonifunza kutapika bila kuona haya. Kilichonitoa jasho kwanza ni makaratasi, halafu magoti.

Tuanze na makaratasi, maana safari za wenzetu wengi hufia hapo. Polinesia ya Ufaransa, visiwa vya katikati ya Bahari ya Pasifiki, iko chini ya Ufaransa, lakini viza ya kawaida ya Schengen, ile ya kuingia Ulaya, haikufikishi huko. Unapoomba, taja waziwazi kwamba unakwenda Polinesia, ili viza itolewe kwa ajili ya huko. Pili, njia nyingi za ndege kwenda Papeete, mji mkuu ulioko kisiwa cha Tahiti, hupitia Marekani, na Marekani hupiti bila viza yao hata kama unabadilisha ndege tu na kuendelea. Na kama unaingia kwa ndege ili uondoke kwa boti, usiende bila tiketi ya kutokea. Mimi nilikata ya kurudi, nikalala usingizi.

Nilijiunga na boti Nuku Hiva, katika visiwa vya Marquesas, mwezi wa Juni. Nilikuwa mpishi na baharia wa mzee mmoja Mfaransa na mkewe. Wao walitoka visiwa vya Galapagos, karibu na Amerika ya Kusini, kama maili 3,000 za baharini, wiki tatu wakitazamana wenyewe kwa wenyewe. Kama huna hamu ya hilo, fanya kama mimi: boti ikufuate kisiwani. Msimu wa kwenda ni Mei hadi Oktoba, upepo wa kusini-mashariki ukivuma bila kuchoka. Mtoto wa pwani atauita kusi na hatakosea sana. Novemba hadi Aprili ni majira ya vimbunga. Wakati huo waachie wenyeji bahari yao.

Sasa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Ukikaribia kisiwa, usitazame kwanza uzuri wake. Tazama mwamba wa matumbawe unaokizunguka, kama upo. Huo ndio utakaokuambia utalala vipi, utaingia saa ngapi na utavaa viatu gani.

Marquesas karibu hazina mwamba wa kuzikinga. Unaingia ghubani moja kwa moja, hata mwanafunzi ataweza, ila mawimbi nayo yanaingia. Taiohae, ghuba kuu ya Nuku Hiva, tulibembezwa usiku kucha kama mtoto asiyetaka kulala. Sufuria zilitembea zenyewe jikoni. Halafu ukishuka nchi kavu, hakuna tambarare. Milima inaanzia pale pale maji yanapoishia.

Matembezi yaliyonifunza adabu ni ya bonde la Hakaui, kwenda maporomoko ya Vaipo, ambayo yanashuka kama mita 350. Njia si ya kupanda sana, lakini unavuka mto, na unauvuka tena. Njiani kuna majukwaa ya mawe ya kale, wanayaita paepae, ambayo nyumba zilisimama juu yake zamani bonde lilipokuwa limejaa watu. Msitu umeyameza. Nilikwenda na raba mpya nzuri, nikazivua kila tulipofika mtoni ili zisilowe. Kwenye kuvuka mara ya tatu nikateleza, jiwe likanichana unyayo, na saa mbili za kurudi nilichechemea. Vuka na viatu vyako. Vitakauka. Mvua ikinyesha huko juu milimani, geuza hata kama umebakiza hatua mia, kwa sababu mto huo hujaa ghafla. Na ukifika chini ya poromoko usikae sana chini ya genge, mawe hudondoka.

Halafu kuna usubi. Kule wanauita nono. Haukuumi ukasikia; unajua kesho yake usiku, unapojikuna mpaka damu. Pakaa mafuta ya nazi mengi kabla hujashuka ufukweni, kama wenyeji wanavyofanya, na usikae kwenye mchanga jioni.

Kutoka pale tulikata siku nne na ushee hadi Fakarava, kwenye kundi jingine la visiwa liitwalo Tuamotu, na mambo yote yakageuka. Hizi ni atoli: mlima ulizama zamani, ukabaki mwamba wa duara na laguni, yaani ziwa la maji ya bahari, katikati. Laguni ya Fakarava ina urefu wa kama kilomita 60. Ndani ni shwari, unalala kama marehemu. Kazi ni kuingia, maana unapita kwenye mlango, yaani pengo katika mwamba.

Sisi tumezoea kupwa na kujaa: bamvua unalijua, maji mafu unayajua. Huko maji hupanda na kushuka kidogo mno, lakini mlangoni mkondo unakimbia kama mto. Sababu ni kwamba mawimbi hurukia juu ya mwamba upande wa upepo na kuijaza laguni, na maji yote hayo yanatafuta mlango wa kutokea. Upepo ukivuma siku kadhaa mfululizo, maji yanaweza kuendelea kutoka hata saa ambayo jedwali la kupwa na kujaa linasema yanaingia. Kwa hiyo jedwali lisome, lakini mwenye neno la mwisho ni macho yako. Ukiona maji yamesimama wima na kutoa povu mlangoni, subiri nje, pika chai. Tulisubiri saa tatu, mzee akanung'unika, tukaingia kwa amani.

Ndani ya laguni, endesha boti kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa juu au mgongoni, mtu mmoja akisimama mbele na miwani ya kukata mng'ao. Buluu pita, kijani angalia, kahawia kimbia. Ukitia nanga, funga maboya kwenye mnyororo ili uelee juu ya matumbawe. Sisi usiku wa kwanza hatukufunga. Asubuhi mnyororo ulikuwa umezunguka jiwe mara mbili, na nani alizama kuufungua? Mpishi.

Kutembea kwa miguu kwenye atoli ni rahisi kwa kudanganya. Tambarare tupu, lakini ni vipande vya matumbawe vinavyokata kama wembe, na kivuli ni minazi tu. Minazi hiyo ina wenyewe. Mbata ndiyo pesa yao. Usiokote nazi bila kuomba. Ukiomba, utapewa tatu.

Kuhusu chakula, mswahili hatapata shida. Shelisheli huchomwa motoni, balungi za Marquesas ni tamu kuliko zozote nilizowahi kula, na samaki mbichi wa ndimu na tui la nazi utamzoea kufikia mara ya pili. Ila samaki wa kwenye mwamba usimle kabla hujawauliza wavuvi wa kijiji hicho hicho. Baadhi yao wana sumu ya ciguatera, na moto hauiondoi. Cha dukani ni ghali, isipokuwa mkate mrefu wa Kifaransa. Euro moja ni faranga 119 na kitu, na zinakwisha upesi.

Salamu usiisahau. Marquesas sema kaoha, Tahiti sema ia ora na. Nilipowachorea vijana ngalawa yetu yenye mikono miwili, walicheka, kwa sababu mtumbwi wao, va'a, una mkono mmoja. Mzee wao hakucheka. Aliuliza Madagaska iko umbali gani na kwetu. Alijua kwamba lugha ya Wamalagasi na ya kwao ni za ukoo mmoja.

Moorea, kisiwa jirani na Tahiti, ndiko utakakopata vyote pamoja, mlima na mwamba, na ndiko ningemshauri mtu aanzie kama ana wiki mbili tu. Mlango wa Opunohu ni mpana na una alama, maji ya ndani yametulia, na kutoka ghubani unapanda kwa miguu kupitia mashamba ya mananasi hadi Belvedere, mahali pa kutazamia mandhari, ambako ghuba mbili zinaonekana kulia na kushoto kwa mlima Rotui. Muache mtu mmoja botini mnapopanda. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mama, mke wa yule mzee. Nikiwa juu, nahesabu milingoti chini nikitafuta wetu, redio ikakoroma. Upepo umegeuka, alisema, nanga inaburuta, na wali wako unaungua.