Msigawe kwa x

Wadogo zangu wa kidato cha tatu, nimemaliza kusahihisha jaribio lenu la grafu, lile la kutafuta inapokata mhimili wa x na wa y. Nawapenda, lakini leo si sana.

1. Kwenye mhimili wa x, y ni sifuri. Kwenye mhimili wa y, x ni sifuri. Mnaliimba hili, halafu 2x + 3y = 12 mnasema inakata mhimili wa x kwenye (0, 6). Ni (6, 0). Mhimili wa y inaukata kwenye (0, 4).

2. Ukipewa y = (x − 2)(x − 3), usifungue mabano ili utafute upya inapokata mhimili wa x. 2 na 3 zinakutazama. Kwa mhimili wa y, weka x = 0, pata y = 6, songa mbele.

3. Msigawe kwa x. Hapa nitakaa, maana kosa hili lilikuwa langu kabla halijawa lenu. Nilipewa y = x³ − 4x. Nikaweka y = 0, nikapata x³ = 4x, nikagawa pande zote kwa x, ikabaki x² = 4. Nikajiona bingwa kwa kuikumbuka hata −2. Kisha nikaweka x = 0, y ikatoka 0, nikatia nukta kwenye (0, 0), juu ya mhimili uleule wa x, na bado nikaandika kwamba grafu inaukata mara mbili! Ili mchoro utii jibu, nikaupindisha uiguse ile nukta na kurudi juu. Jedwali langu lenyewe lilisema x ikiwa 1, y ni −3. Nikaamua jedwali ndilo lililokosea, nikaifuta ile −3. Mwalimu hakusema neno. Aliuzungushia ule ufutio wino mwekundu. Ukigawa kwa x umeshadai kwamba x si sifuri, na sifuri ni mojawapo ya majibu uliyotumwa kuyatafuta. Toa x nje ya mabano: x(x − 2)(x + 2) = 0. Majibu ni matatu: 0, 2 na −2.

4. y = (x − 3)² inaugusa tu mhimili wa x. y = x² + 4 haiufikii kabisa. Kwenye y = ax² + bx + c, b² − 4ac ikiwa hasi, andika “haikati” ukalale. Yule aliyeipa x² + 4 majibu 2 na −2 aje kesho na daftari lake, na kifutio akiache nyumbani.