Barua kwa mwanangu: "Sasa Mungu hanipendi?"

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, maana nilimwona mjukuu wangu kasimama pembeni ya mdogo wake anayelia, huku akiapa kwamba mtoto kaanguka mwenyewe. Mara ya pili sikucheka. Unasema ulimwambia, "Mungu hapendi watoto waongo," na usiku, taa ikiwa imeshazimwa, akakuuliza gizani, "Baba, sasa Mungu hanipendi?" Ukamwambia alale, mtazungumza kesho. Hiyo kesho imekuwa wiki nzima. Sasa unaniuliza mimi: ukimwambia Mungu anampenda hata alipodanganya, si utakuwa umemfungulia mlango wa kudanganya?

Mara ya tatu niliisoma ile sentensi yako peke yake, nikaitambua. Ni yangu. Hukuiokota kanisani. Uliirithi kwangu, kama ulivyorithi haya masikio. Niliitumia miaka yote ya utoto wako, pamoja na ndugu yake, "Mungu anakuona." Zilifanya kazi haraka kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nacho. Nyumba ilitulia papo hapo, nami sikujiuliza imetulizwa na nini. Nilikuwa nimemfanya Mungu askari wangu wa zamu: nikichoka mimi, namwita yeye akutishe. Hilo nalikiri kwanza, ili usome mengine ukijua anayekuandikia ni nani.

Swali la mtoto lina jibu fupi, na umpe leo hii. Anampenda. Alimpenda alipokuwa anasukuma, alimpenda alipokuwa anakana, na alichokifanya hakikumpendeza hata kidogo. Paulo anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi" (Warumi 5:8). Hakusubiri tutubu vizuri. Mtoto wa miaka mitano analielewa jambo hilo kuliko unavyodhani, kwa sababu ndiyo maisha yake: kila siku anakosa, na kila siku hiyo hiyo analishwa, anaogeshwa, anafunikwa shuka.

Ila ukishamwambia, usiunganishe na "lakini." Nakujua wewe. "Mungu anakupenda, lakini..." Mtoto husikia kinachokuja baada ya lakini, basi. Weka nukta, nyamaza, mwache ageuke alale. Habari ya mdogo wake mtaizungumza, tena kwa ukali unaostahili, lakini siyo ndani ya sentensi ile.

Swali lako wewe ndilo refu.

Nenda kwenye Mwanzo sura ya tatu, usome polepole kama vile hujawahi kuisoma. Watu wawili wamekosa na wamejificha. Mungu anajua kila kitu, lakini anaanza kwa kuuliza: "Uko wapi?" Kisha anauliza nani aliyemwambia Adamu kwamba yu uchi. Kisha kama amekula tunda la mti aliokatazwa. Kisha anamgeukia mwanamke na kumuuliza amefanya nini. Maswali manne kabla ya hukumu yoyote. Nyoka hakuulizwa hata moja. Majibu yenyewe unayajua, ni yale yale ya wanao: Adamu anamsingizia mwenzake, mwenzake anamsingizia nyoka. Halafu hukumu inatoka, na haipunguzwi. Jasho litatoka, uchungu utakuwepo, bustani wataiacha.

Sasa angalia mpangilio wa mistari. Kufukuzwa kuko mstari wa 23. Mstari wa 21 Mungu anawatengenezea mavazi ya ngozi, na kuwavika. Aliwavika kwanza, ndipo akawatoa. Nimehubiriwa sura hii tangu ujana wangu, nami mpangilio huo sikuuona mpaka nilipokuwa babu.

Hapo ndipo jibu lako lilipo, mwanangu. Umedhani una njia mbili, kumsamehe au kumwadhibu, kana kwamba ukishika moja lazima uachie nyingine. Mungu alifanya yote mawili, na alianza na nguo. Mtoto aliyemsukuma mwenzake akae pembeni, aache mchezo, akamsaidie mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe. Hayo yasimame, usiyafute kwa sababu amelia. Lakini kabla ya hayo avikwe: ajue kwamba nafasi yake mezani, jina lake mdomoni mwako na mkono wako begani mwake havikuwekwa rehani. Mtoto akiwa na hakika hiyo anaweza kuibeba adhabu. Akiikosa, hata kukemewa kidogo anakuona kama kufukuzwa, na hapo uongo unakuwa nguo anayojishonea mwenyewe. Adamu alishona majani.

Tena, ukimuuliza, muulize kama Mungu alivyouliza. Najua utanirudishia kwamba hata Mungu aliuliza alichokijua. Ni kweli. Lakini ile "Uko wapi?" ilikuwa ya kumtoa mtu kichakani. Wewe, kwa maelezo yako, uliona kwa macho yako mtoto akisukuma, kisha ukashika kiuno ukauliza, "Nani amemsukuma mwenzake?" Huo ni mtego. Mtoto wa umri ule akiona uso wa baba umebadilika, anasema chochote kitakachourudisha ulivyokuwa. Kama umeona, sema umeona: "Nimeona umemsukuma. Njoo hapa." Utashangaa jinsi uongo utakavyopungua, kwa sababu tu hukuuita.

Na usitishike na huo uongo wenyewe kupita kiasi. Watoto wengi huanza kudanganya kwenye miaka mitatu au minne, wanapogundua kwamba kilichomo kichwani mwao baba hakioni. Ni ugunduzi mkubwa kwao, wanaujaribu kama wanavyojaribu kiatu kipya. Siyo dalili kwamba umezaa mhalifu. Ni kazi ya kurekebisha, kama kazi nyingine.

Sasa nikuonye upande wa pili, maana kizazi chenu mna kosa lenu kama sisi tulivyokuwa na letu. Msije mkaita neema kile ambacho ni uchovu. Daudi alipozeeka, mwanawe Adonia alijitangaza kuwa mfalme, na mwandishi wa 1 Wafalme 1:6 anaeleza kwamba baba yake hakuwahi kumchukiza wakati wowote kwa kumwambia, "Mbona umefanya hivi?" Miaka yote hiyo, swali hilo moja halikuulizwa. Kuhani Eli naye aliambiwa wazi kwamba wanawe walijiletea laana, naye hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Kunyamaza kwa baba hakukuwa upole. Mtoto asiyeulizwa anajua kwamba hatazamwi.

Utaniuliza pia kuhusu fimbo, Mithali 13:24, kwa sababu katika malezi wanatheolojia wote wa ukoo wetu hukimbilia hapo. Mimi nilikuchapa, nawe unakumbuka. Nikipiga hesabu kwa uaminifu, mara nyingi hasira ilikuwa yangu na sababu nikaitafuta baadaye. Neno la Kiebrania lililotumika pale ni *shevet*, na ndilo hilo hilo lililomo katika Zaburi ya 23, kwenye zile zana za mchungaji ambazo kondoo anasema zinamfariji. Mchungaji huishika fimbo hiyo kulinda kundi. Sikumbuki hata siku moja uliyofarijiwa na fimbo yangu. Amua wewe na mkeo, ila msiamue mkiwa mmekasirika, na kumbukeni kwamba Paulo alipoandika "msiwachokoze watoto wenu" aliwataja akina baba (Waefeso 6:4), na kwa Wakolosai akaongeza sababu: wasije wakakata tamaa.

Kuna mama mmoja wa kale ambaye swali kama lako liliwahi kumfikia. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, akiwa mtu mzima, alimwomba mama yake Susanna amwandikie jinsi alivyowalea, naye akamjibu kwa barua ndefu mnamo Julai 1732. Alikuwa amezaa watoto 19, karibu nusu wakafa wachanga. Mengine katika barua ile yananikwaza, siyafichi: watoto wake walifundishwa kuiogopa fimbo na kulia kimyakimya kabla hata hawajafikisha mwaka na kidogo. Hilo usiige. Lakini kulikuwa na kanuni zake ambazo laiti ningezijua nikiwa na umri wako. Aliona kwamba woga wa adhabu ndio unaowafundisha watoto kudanganya, kwa hiyo akaweka sheria: aliyekosa akikiri kwa moyo na kuahidi kujirekebisha, hachapwi. Na kosa lililokwisha kuadhibiwa, likirekebishwa, halitajwi tena. Hiyo ya pili ndiyo ngumu. Mimi nilikuwa na kumbukumbu nzuri sana ya makosa yenu. Ukikosa leo nilikuwa nakuorodheshea ya mwezi uliopita, halafu jioni naongoza sala na kusema utusamehe makosa yetu.

Na sala zenyewe, ngoja niseme kidogo. Usimsemee mtoto kwa mgongo wa Mungu. Unakumbuka nilivyokuwa nikiomba? "Ee Bwana, umsaidie mtoto huyu aache ukaidi, ajifunze kumtii mama yake..." nanyi wote mkifungua jicho moja kumtazama mhusika. Ile haikuwa sala, yalikuwa matangazo. Ukitaka kumkemea, mkemee ukimtazama usoni. Ukienda kwa Mungu mbele yao, mshukuru Mungu kwa ajili yake, na ujiombee wewe mwenyewe. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataka maneno ya Mungu yanenwe tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo, yaani katikati ya maisha ya kawaida. Kwa watoto wa miaka mitano na mitatu, dakika tano za ibada zinatosha. Mdogo akilala katikati, mfunike. Kamwe usimwambie mtoto akasome Biblia kama adhabu. Nilifanya hivyo kwa ndugu yako, na mpaka leo kuna sura za Mithali anazozisoma kama mtu anayetumikia kifungo.

Nimebakiza miwani.

Ulikuwa na miaka saba. Nilitafuta miwani yangu Jumamosi nzima, nikaamua ni wewe, kwa sababu siku mbili kabla ulikuwa umeivaa ukicheza. Ukakana. Nikakuchapa kwa kupoteza, nikakuongezea kwa kudanganya. Kesho yake nilisimama kanisani kusoma somo la pili, nikatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikaigusa. Niliivaa na kusoma somo lote mbele ya mkutano, kwa sauti nzuri kabisa, nawe umekaa mstari wa tatu unaitazama miwani usoni pangu. Hukusema neno.

Mimi pia sikusema. Jumapili ikapita, Jumatatu ikapita. Nilijiambia mtoto amesahau, na kwamba baba akiomba radhi anapunguza heshima yake. Jumanne usiku mama yako akaniuliza, "Utamwambia wewe au nimwambie mimi?" Nikaja chumbani kwako, nikapiga magoti sakafuni ili macho yetu yalingane, nikasema nilikuonea, nilikupiga bure, nilikuita mwongo na mwongo nilikuwa mimi, kwa siku tatu. Ulinitazama, ukasema, "Sawa, baba." Kisha ukauliza kama unaweza kuacha taa ikiwaka kidogo.

Sijui wewe ulibaki na nini kutokana na usiku ule. Mimi nilibaki nimesamehewa na mtoto wa miaka saba ambaye hakunitoza chochote isipokuwa taa. Wewe hukuanza kwa kuniuliza kama nitarudia. Laiti ningejifunza upesi zaidi. Nilirudia, unajua, ila tangu siku ile nilikuwa najua njia ya kuja chumbani kwako.

Basi leo usiku usisubiri akuulize tena. Nenda wewe. Mwambie ile sentensi ulikosea, kwamba baba alisema jambo la Mungu ambalo si kweli. Itakuwa ngumu kidogo kooni, lakini inapita. Kesho asubuhi shughulikia habari ya kusukumana.

Mwambie pia babu yake naye alidanganya alipokuwa na miaka mitano, tena uongo mkubwa kuliko wake. Akitaka kujua ulikuwa uongo gani, anipigie simu mwenyewe. Wewe usiwe na haraka ya kuuliza, nitamwambia yeye kwanza.

Msalimie mkeo, na huyo aliyesukumwa.

Baba yako