Babu haonekani kwenye sensa ya 1860: tumtafute wapi?

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani Mweusi. Babu wa babu yake alizaliwa utumwani Beaufort, South Carolina, karibu mwaka 1842. Nimempata kwenye sensa ya 1870, lakini ya 1860 hayumo. Watoto wananiuliza habari zake. Niendelee vipi? – Msomaji, Ohio

JIBU: Dada, hukukosea. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Mwaka 1850 na 1860 waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, rangi, basi. Kwa hiyo inabidi umjue aliyemmiliki, na usidhani lazima wawe na jina moja la ukoo, maana wengi walijichagulia jingine.

Kwa kijana wa Beaufort wa umri ule, mimi ningeanza na jeshi. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, majeshi ya Muungano, yaani ya Kaskazini, yaliuteka mji huo Novemba 1861, na eneo hilo ndiko kilikoundwa kikosi cha askari weusi kilichokuja kuitwa cha 33. Juni 1863, Harriet Tubman, mwanamke Mweusi aliyetoroka utumwa na kuwaokoa wengine, alishiriki kuongoza uvamizi wa mto Combahee, karibu na hapo. Watu zaidi ya 700 walikombolewa, na wanaume wengi wakajiunga na jeshi. Tafuta faharasa ya pensheni za vita hivyo. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni bure. Ukiona jina lake au la mjane wake, nakili namba ya ombi na ya cheti, kisha agiza jalada zima kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Washington. Usiridhike na kadi ya faharasa.

Jalada la mjane ndilo lenye hazina. Ndoa za watumwa hazikuwa na cheti, hivyo mama wa watu alitakiwa kuleta mashahidi: mkunga, jirani, askari aliyetumikia pamoja na marehemu mumewe. Waliapa, wakaeleza nani alimilikiwa na nani, nani alifungisha ndoa, mtoto yupi alizaliwa lini. Mfuatilie kila shahidi kwenye sensa ya 1870. Si ajabu ukagundua ni ndugu.

Kama hakuwa askari, Benki ya Akiba ya Walioachwa Huru (1865–1874) ilikuwa na tawi Beaufort, na daftari zake ziliuliza majina ya wazazi na ndugu. Wosia za mabwana pia hutaja watumwa kwa majina, ila kumbukumbu nyingi za Beaufort ziliteketea 1865.

Ukishamjua bwana aliyemmiliki, rudi kwenye orodha ya 1860 utazame kama ana kijana wa miaka 18 hivi. Akiwapo, andika “huenda ndiye” mpaka hati ya pili ithibitishe.