Kabla hujampa mtoto simu, zitoe kwanza picha zako

Juzi kuna dada mmoja wa Masasi kaniandikia inboksi, mwanae anamaliza darasa la saba mwaka huu, anataka nimfundishe kupiga picha nzuri kwa simu maana zile ninazoweka stetasi zinamvutia sana. Halafu mwishoni kabisa akachomekea, "na hawa watoto dada tunawafanyaje, mdogo wake nikimwomba simu yangu mwenyewe ananinunia." Nikaanza kumjibu kwa sauti, dakika saba zikapita sijamaliza, nikafuta, nikaona bora niandike tu hapa kwa wote, maana kwangu mimi hayo maswali mawili ni swali moja.

Mama yangu alifariki mwezi wa nne mwaka jana, Newala.

Miezi mitano kabla, msimu wa korosho, nilipanda gari kutoka Mtwara mjini nikaenda kumtembelea na simu mpya, simu yangu ya kwanza yenye kamera ya maana, niliinunua kwa hela ya kikoba laki tatu na nusu (mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, kwa hiyo mnajua hiyo ni mishono mingapi). Nikamkuta uani anabangua. Wale waliokulia kule wanajua, bati limewekwa juu ya mafiga, korosho zinakaangwa mpaka yale mafuta ya ganda yanawaka moto wenyewe, moshi mweusi tii, halafu zinamwagwa kwenye mchanga zipoe. Mama alikuwa kajipaka majivu mikononi mpaka kwenye viwiko ile mafuta isimbabue, anashika korosho moja anaiweka juu ya jiwe, anaigonga mara moja tu, inatoka nzima. Mara moja tu! Mimi nikigonga inatoka vipande vitatu. Alivyoniona na simu akasema usinipige nikiwa hivi mwanangu, ngoja nioge kwanza, huku anacheka, na mimi nikapiga hivyo hivyo anavyocheka. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua limelala, limeingia kwa pembeni kwenye ule moshi. Picha arobaini na kitu na video mbili. Sijawahi kupiga picha nzuri kama zile mpaka leo na sidhani kama nitapiga.

Nikarudi mjini, nikasema nitazihamisha. Sikuzihamisha.

Mwezi wa kwanza kwa fundi ni mwezi wa sare za shule, hulali. Kijana wangu alikuwa na miaka minane, akinisumbua nampa simu, akinyamaza nashukuru Mungu naendelea kushona. Ule mchoro wa kufungulia simu alishaukariri kwa kuniangalia kidole. Siku moja akataka gemu la magari, simu ikamwambia nafasi haitoshi. Sasa mtoto wa miaka minane anajua zaidi yangu, akaingia kwenye picha akatafuta vitu vikubwa, akafuta video, haijatosha, akafuta na picha zilizofuatana nazo, haijatosha, akaenda mpaka kwenye kapu la taka akamwaga na lile. Gemu likaingia. Akacheza wiki moja akalichoka.

Mimi nimekuja kujua mwezi wa tano. Siku ya arobaini kaka yangu mkubwa akasema anataka kutengeneza picha kubwa ya mama iwekwe kwenye fremu pale sebuleni kwake, nikasema mimi ninazo, tena nzuri, nikafungua simu mbele ya watu nikaanza kutafuta. Nikatafuta, nikatafuta tena. Kaka akasema, "Wewe ndio mwenye simu kubwa kwenye ukoo huu halafu huna picha ya mama?" Aliyasema mbele ya mashangazi na wakwe. Namheshimu kaka yangu na tumeshazungumza, lakini hayo maneno bado nayasikia.

Fundi simu mmoja akanidanganya atazirudisha, akala elfu arobaini na wiki mbili zangu. Ndugu zangu, kwenye Google Photos, ile programu ya picha ya Google, picha ambayo ilishapanda kwenye akaunti (yaani nakala yake imehifadhiwa mtandaoni) ukiifuta inakaa kapuni siku 60, ambayo haijapanda inakaa siku 30 tu, na ukishaifuta na mle kapuni ndio imekwenda. Yangu haikuwa imepanda. Anayekwambia atairudisha baada ya miezi minne muulize kwanza ataitoa wapi.

Na niseme na hili maana nikilificha nitakuwa nawadanganya. Nilimpiga mtoto. Nilimpiga kwa rula ya kukatia nguo, ile ya mbao, nikiwa na hasira za kaka na za fundi na za msiba zote kwa pamoja. Alipomaliza kulia akaniambia, "Nilijua bibi tutampiga picha tena." Nikakaa chini pale pale kwenye vipande vya vitambaa. Mtoto hakukosea hata kidogo, mimi nilimpa kitu chenye maisha yangu yote ndani yake ili aninyamazie nishone.

Ndio maana nasema ni swali moja. Dada yangu wa Masasi, kabla ya kujifunza kupiga picha jifunze kuitoa kwenye simu. Siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Akaunti ya Google inakupa gigabaiti 15 za bure, na zamani picha zilizopunguzwa ukubwa zilikuwa hazihesabiwi ila tangu mwezi wa sita 2021 zinahesabiwa, kwa hiyo zitajaa, chagua zile zenye maana. Mimi napandisha usiku kwa bando la usiku, halafu zile za roho yangu naziweka na kwenye memori kadi nyingine ambayo haikai ndani ya simu, inakaa kwenye kopo la vifungo.

Na usitegemee WhatsApp kama stoo. Picha ya mama iliyobaki ni moja tu, niliyomtumia mama mdogo Lindi siku ile ile. WhatsApp ilishaibana. Tukaipeleka studio ikuzwe, uso ukatoka vidonge vidonge kama mosaiki, majivu na ngozi huwezi kutofautisha. Siku hizi nikituma nabonyeza pale HD, yaani ubora wa juu, au natuma kama dokumenti kabisa.

Haya, picha nzuri. Futa lenzi. Najua mnategemea siri kubwa lakini nusu ya picha mbovu ninazoona ni vidole na mafuta, na sisi wa pwani tuna na ule unyevu wa chumvi, futa kwa ncha ya kanga laini kila unapotaka kupiga. Halafu jua: saa saba mchana utosini macho ya mtu yanageuka mashimo, msogeze barazani au mlangoni, aangalie nje kwenye mwanga. Ukimpanga mtoto kaipa bahari mgongo pale Shangani uso unakuwa mweusi, gusa uso kwenye kioo kisha vuta kale kajua kadogo juu, utauona unafunguka. Usivute kwa vidole, tembea usogee. Piga magoti uwe saizi ya mtoto. Na ufute lenzi, narudia.

Kwenye mahafali piga nyingi za familia, lakini ukiposti usiweke ile inayoonyesha nembo ya shule kifuani na jina lake na mahali. Mimi niliposti ya kijana wangu kavaa sare, wiki ile ile nikapigiwa na mtu anajua jina la mtoto na shule, eti kaanguka yuko hospitali nitume hela haraka ya vipimo. Mikono ilinitetemeka, nilishafika kwenye kuingiza namba ya siri. Kilichoniokoa ni kwamba mtoto alikuwa amelala chumbani ana homa, hakwenda shule siku hiyo. Angekuwa shule ningetuma. Namba za hao watu zitumeni kwenda 15040, ni bure.

Sasa watoto. Jamani wazazi wenzangu, sote tunataka watoto wetu wafike mbali, wawe madaktari na mainjinia, lakini tunawalea na vioo. Shirika la Afya Duniani lilishasema 2019, mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndio bora. Na mimi nimeona mtoto hata kutembea bado kashikishwa simu kwenye daladala ili asilie. TikTok, Facebook, Instagram wenyewe wanasema miaka 13, sisi tunawadanganyia tarehe ya kuzaliwa watoto wetu wenyewe, tunawafundisha uongo halafu tunashangaa wakitudanganya.

Mimi nilichofanya, nilinunua simu ndogo ya mtumba ya nyumba, haina laini ya hela, nikaweka Family Link ya Google, ni bure, napanga saa zake, saa mbili usiku inajifunga yenyewe, na programu haiingii mpaka nikubali kwenye simu yangu. Inachezewa sebuleni, chumbani hapana. Na mchoro nimeutoa, naweka namba, tena nageuka nikiziandika. Lakini programu haitoshi, kaa naye, muulize anaongea na nani humo. Nimemwambia mtu yeyote akikuomba picha au akikwambia usimwambie mama, njoo sitakupiga, na akiona aibu kwangu kuna 116, namba ya msaada wa mtoto, haikati hela. Ile ahadi ya kutompiga ilichukua muda kuiamini. Ilinibidi niisubiri.

Jumapili iliyopita tulipanda pantoni kwenda Msangamkuu, nikampa simu yangu anipige. Kabla hajapiga akavuta shati lake akafuta lenzi, akapiga goti mwenyewe, akaniambia nigeuke mwanga unipate. Tulivyorudi nyumbani hata viatu hajavua akaniuliza, mama umeshazipandisha?

Ile ya bibi tuliacha kuikuza. Tuliichapisha saizi ya postikadi, na kwa saizi hiyo majivu yanaonekana mpaka kwenye kiwiko. Ipo ukutani juu ya cherehani.